Miaka Thelathini na Mmoja ya Kufundisha Umri wa Kuridhia

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Edinah Nasimiyu anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Msaada wa Sheria cha Nyanda za Elgon kwa miaka thelathini na mmoja, miezi mitano na siku kadhaa ambazo idara ya wafanyakazi bado inabishana juu yake. Miaka kumi na mitatu ya mwanzo aliifanyia ofisi ya Bungoma, katika kile chumba kilicho nyuma ya kinu cha posho karibu na Kibabii, ambako kila hati iliyotoka ilikuwa na unga juu yake. Iliyobaki ameitumikia hapa Kitale, mtaani Kibomet.

Mkurugenzi wetu, Bi. Nduta, aliniagiza niandike wasifu wa kuchangamsha, usiozidi kurasa tatu, wenye vichekesho viwili au vitatu. Vichekesho vipo, na nitavileta. Kuchangamsha ndiko kulikonishinda. Nimechana karatasi mbili tayari. Anayeijua kazi ya Edinah atanielewa: ni kazi ya kueleza watu maana ya neno moja la sheria, kuwaona wakilielewa vizuri kabisa, halafu kuwaona wakirudi nyumbani kufanya walivyokuwa wakifanya.

Neno lenyewe ni umri wa kuridhia. Ni umri ambao mtu akiufikia, sheria inakubali kwamba akisema ndiyo, amesema ndiyo. Kabla ya hapo mtoto anaweza kusema ndiyo, akanyamaza, akaandika barua ya mapenzi yenye maua pembeni, au akaenda kwa mtu mzima na miguu yake mwenyewe. Mbele ya hakimu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa ridhaa, na mtu mzima aliyemgusa ana kosa la unajisi. Edinah alipoanza kazi mwaka 1994, umri huo ulikuwa miaka kumi na minne. Mwaka 2003 ukapanda hadi kumi na sita, na sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 ikaufikisha kumi na minane. Daftari lake la mafunzo lipo kabatini hadi leo: 14 imekatwa kwa kalamu ya buluu, 16 imekatwa kwa nyekundu, na 18 imezungushiwa duara. Wazee wa ofisi wanasema siku sheria ile ilipopita aliwanunulia wote maandazi. Alidhani kazi imekwisha.

Hakuja kwetu kama mwanasheria. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Sirisia aliyechoka kuhamishwa, akaja kuwa mpiga chapa. Wakili wetu wa kwanza alikuwa mtu mwema ambaye Kibukusu chake kiliishia kwenye salamu, na hata hizo alizichanganya za asubuhi na za jioni. Akina mama wenye shida walikuwa wakimsalimu, kisha wakivuta kiti hadi kwenye meza ya mpiga chapa na kumweleza yeye. Miezi sita baadaye kituo kilimpa cheo kulingana na pale watu walipokuwa wakikaa. Akawa afisa wa elimu kwa jamii na mwangalizi wa mashahidi watoto, cheo ambacho hakikuwahi kuenea kwenye kadi yake ya kazi.

Waliomwona kwenye baraza za machifu hawatasahau alivyolifundisha lile neno. Hakuanza na sheria. Alianza na shamba, kwa sababu hapa Trans-Nzoia mtu anaweza kulala kwenye mazungumzo ya jambo lolote isipokuwa shamba. Aliuliza: nani hapa anaweza kununua ekari mbili kwa sahihi ya mtoto wa darasa la sita? Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mzee mmoja alikuwa akisimama na kusema, "Madam, hiyo ni wizi! Mtoto anajua nini?" Edinah alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Basi mtoto asiyeweza kukupa shamba la baba yake, atakupaje mwili wake?" Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kila mara nilidhani safari hii neno limeingia.

Liliingia, lakini halikukaa. Huko Lwakhakha, baada ya somo hilo, mzee alimpongeza kwa mikono miwili kisha akamwambia, "Mama, hii ya selikali tumesikia na ni nzuri. Sasa ya nyumbani nayo iende wapi, bana?" Kwenye baraza jingine mama wa msichana wa miaka kumi na mitatu alimfuata hadi kwenye gari akilia. "Lakini huyu alikubali mwenyewe, Madam. Si alienda na miguu yake? Ati mimi nimpeleke mtu jela na mtoto ndiye alienda?" Edinah alikaa naye kwenye nyasi saa nzima. Tulichelewa, dereva akanuna, na yule mama hakurudi tena ofisini kwetu.

Nimeahidi kicheko, basi hiki hapa. Njia ya kwanza ya kuua kesi ya namna hii ni kumwongezea mtoto miaka. Mwaka 2011, familia moja ilileta kadi ya ubatizo iliyoonyesha kwamba binti ana miaka kumi na tisa, ikiwa na mhuri mkubwa wa Kanisa la Marafiki, wale Quaker. Mhuri uling'aa, sahihi ilikuwa na mkia mrefu, na kila mtu aliridhika nayo. Edinah ni mama wa kanisa hilohilo tangu utoto. Aliitazama kadi, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Kisha akamuuliza mwenye kadi ni mchungaji gani aliyembatiza mtoto. Jina likatajwa. Akauliza kwa maji mengi au kidogo. Akaambiwa mengi, mtoni. Ndipo akasema kwa upole kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawajawahi. Aliyeitengeneza kadi ile alikuwa ameiga kadi ya kanisa lake mwenyewe, linalobatiza, na kubadilisha jina la kanisa tu. Kesi ile ilifika hukumuni, na kwa miaka mingi hapa ofisini hati yoyote ya kutiliwa shaka iliitwa "ubatizo wa mtoni."

Zipo nyingine zilizofika. Kuna msichana wa Chwele ambaye leo ni muuguzi na humtumia Edinah salamu kila Krismasi. Kuna dada wawili wa Kiminini waliosimama kwenye kizimba cha mashahidi wameshikana mikono, na hakimu akawaacha waishike. Sitaki kuzipunguzia thamani. Lakini kabatini kwake kuna faili nyingine, nene kuliko zote, ya barua za kuondoa mashtaka. Karibu zote zimeandikwa namna moja: sisi pande zote mbili tumekaa, tumeelewana na tumeridhika. Baba ameridhia. Babu ameridhia. Wazee wameridhia. Mtu mzima mwenye kosa ndiye aliyeridhika kuliko wote. Edinah alizisoma kwenye mafunzo ya wafanyakazi wapya, moja baada ya nyingine, na kuwauliza jina la nani halimo. Hakuna aliyewahi kukosea jibu.

Aliumizwa vilevile na upande wa pili. Kuna kijana wa kidato cha nne na msichana wa kidato cha tatu waliokuwa wakipendana kama watoto wa umri wao wanavyopendana. Wazazi wa msichana waliikumbuka sheria siku ileile walipogundua. Kijana alikaa rumande na mitihani ikampita. Edinah alizunguka kwa kila ofisi akiomba watu watumie akili, akarudi siku hiyo akasema neno ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, na ambalo jarida hili haliwezi kulichapisha. Alisema pia kwamba tunaikumbuka sheria tukiwa na hasira na tunaisahau tukiletewa ng'ombe. Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja na sikumsikia akisema jambo la kweli kuliko hilo.

Sasa nifike kwa Phanice. Si jina lake halisi. Februari mwaka jana alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa Gredi ya Nane hapa Kibomet. Mtu aliyeshtakiwa ana miaka thelathini na mitatu, ana duka, na ndiye aliyekuwa akimuuzia madaftari ya shule. Mahakamani alitanguliza utetezi kwamba hata ikithibitishwa ni yeye, alidhani binti ana kumi na minane. Sheria inao utetezi wa namna hiyo kwa mtu aliyedanganywa kweli, na wakili wake aliutumia bila kuona haya. Edinah aliomba madaftari yaletwe. Juu ya kila moja, kwa mwandiko wa mshtakiwa mwenyewe, palikuwa na jina la mtoto na neno Gredi ya Nane. Alikuwa akiwaandikia wateja wake kama huduma ya duka.

Tangu hapo Edinah hakuzungumzia kustaafu bila kuzungumzia kesi hiyo. Hakutaka zawadi ya saa ya ukutani wala blanketi. Alitaka jambo moja tu: Phanice asimame aseme yake, na hakimu aamue, kabla ya tarehe 30 Juni. Kesi ikaahirishwa mara nne. Kila mara alimwandaa upya, maana mtoto hukua kati ya tarehe moja na nyingine, na mwaka huu alikuwa tayari anamnyonyesha mtoto wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika maelezo. Phanice alikuwa akiniita khocha, yaani mjomba, kwa sababu mama yake ni wa ukoo wangu. Edinah alifurahi kusikia hivyo. Alisema ni vizuri mtoto awe na mtu wa kwao ofisini.

Tarehe ya mwisho iliwekwa Jumanne, 24 Juni. Hakimu alikuwa ameshasema hataahirisha tena. Edinah alifika mahakamani saa mbili kasorobo akiwa amevaa suti yake ya kijani ya siku za hukumu, na mkobani amebeba chupa ya uji kwa ajili ya Phanice, kwa sababu mtoto akitoa ushahidi na njaa husahau tarehe. Saa tatu ikafika. Saa nne. Mama hakuja, binti hakuja, simu zote mbili hazikupatikana. Jirani yao, Rahab, ndiye aliyekuja mbio kutuambia kwamba kulikuwa na kikao mwezi uliopita, kwa babu yake upande wa Bungoma, na kwamba Phanice na mtoto walivukishwa mpaka wa Lwakhakha wiki iliyofuata kwenda kukaa kwa jamaa za mwenye duka, ng'ambo ya Uganda. Ushahidi wa daktari ulikuwapo, lakini daktari hawezi kumtaja mtu, na mtoto ambaye angepimwa damu naye yuko ng'ambo. Mwendesha mashtaka akaomba kuiondoa kesi. Mwenye duka alitoka akiwa na shati jipya, akatupita, akatusalimu.

Edinah alikaa kwenye ngazi za nje akanywa ule uji mwenyewe. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa mwezi mzima.

"Kizito, wewe ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wa huyu mtoto alikufa na korona. Ulisikia nani alikalia kiti chake siku hiyo?"

Kwa wasio wa huku, nieleze. Kwetu Bukusu mazungumzo ya kumwoza binti hayakamiliki bila mjomba wake, ndugu ya mama. Ana ng'ombe wake na ana neno lake. Asipoketi, au akiketi akakataa, yote yaliyosemwa siku hiyo ni maneno matupu na watu huenda nyumbani. Kama mjomba wa tumbo moja hayupo duniani, ukoo wa mama humtafuta mwanamume mwingine wa kukaa pale.

Nilimjibu, "Sijui, Madam."

Akasema, "Haya." Akafunga chupa. "Huyo peke yake ndiye angesimamisha haya maneno. Si hakimu, si mimi. Angesema tu hapana."

Jibu la swali lake ni hili, na nimeshindwa kulitoa kwa mdomo, kwa hiyo naliandika mahali ambapo wenzangu wote watalisoma. Aliyekalia kiti ni mimi.

Waliniita Jumamosi tarehe 24 Mei. Wazee wa ukoo walisema mwiteni Kizito, ni mtu wa sheria, akikaa yeye hakuna atakayetusumbua. Nilikwenda nikijiambia naenda kuwazuia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, hata lile la shamba na sahihi ya mtoto nililipanga. Nilipofika mama yangu mzazi alikuwa amekaa upande wa wanawake, amefunga kichwani kitambaa chake kizuri. Wazee walinipisha kwenye kiti. Phanice ndiye aliyeleta maji ya kunawa, mtoto akiwa mgongoni. Aliponiona uso wake ulifunguka. Alidhani nimekuja kumchukua. Akanimiminia maji taratibu kuliko alivyowamiminia wengine, akingoja niseme.

Tulikula kuku. Mzee akageuka akauliza, "Khocha, unasemaje?" Nilimtazama mama yangu, nikatazama viatu vyangu. Sikusema ndiyo. Nimejiambia hivyo kila siku tangu hapo, kwamba sikusema ndiyo. Mzee alingoja kidogo, kisha akawatangazia watu, "Mjomba ameridhia." Phanice alichukua beseni akarudi jikoni, na sikumwona tena.

Mtu aliyefundishwa na Edinah Nasimiyu miaka kumi na mmoja kwamba kunyamaza kwa mtoto si kukubali, alinyamaza akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye akili timamu, asiyelazimishwa na yeyote. Kunyamaza kwangu sheria yoyote itakuhesabu kuwa ridhaa. Naona aibu, na aibu hiyo haimsaidii mtu. Nimeandikisha taarifa polisi juu ya kikao kile, nikataja majina, langu likiwa la kwanza. Wameipokea. Wamesema bila msichana haina pa kwenda. Ng'ombe wa mjomba bado amefungwa kwa mama yangu. Nilimrudisha mara moja, wakamleta tena. Bi. Nduta ameusoma wasifu huu, akasema uchapwe ulivyo. La kazi yangu atalisema baada ya sherehe ya kumuaga Edinah.

Phanice atatimiza miaka kumi na minane tarehe 9 Novemba 2027. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sheria itakuwa tayari kumsikia akisema ndiyo. Hapana yake tulikuwa nayo tayari, kwenye maelezo yake ya kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wangu.

Bi. Edinah, kituo kinakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Kinakushukuru kwa baraza za jua kali, kwa mashahidi uliowashika mkono, kwa ukali wako kwetu tulipochelewa na upole wako kwa waliochelewa kwa sababu ya woga. Hukushindwa wewe. Ulifundisha vizuri, sisi ndio tuliojifunza na kurudi nyumbani. Wenzako wote wanakuombea afya, usingizi mzuri, mahindi yasiyoliwa na viwavi, na maisha mema huko Sirisia pamoja na mumeo, Mwalimu, na wajukuu. Mimi nitakuja Jumamosi, mchana, niyaseme haya mbele yako kwa mdomo wangu. Ukinifungia lango, nitakaa nje.

Kizito Nyongesa
Afisa wa Maelezo ya Mashahidi, Kitale